Ukiachwa achika, lakini kulia si dhambi

Miongoni mwa barua nilizopokea majuma mawili yaliyopita, kuna moja iliyoninyima usingizi. Imeandikwa kwa mkono, kurasa nne pande zote mbili, na katika ukurasa wa mwisho wino umetapakaa mahali pawili kana kwamba karatasi ilidondokewa na maji. Sikuhitaji kuuliza ni maji gani.

Mwandishi wa barua hiyo ni msichana wa miaka 23, mzaliwa wa Mombasa, ambaye sasa anasoma katika chuo kimoja jijini Nairobi. Jina lake nitalihifadhi kama alivyoniomba. Anasema aliposwa mwaka juzi na kijana waliyefahamiana tangu shule ya upili. Wazee walikwenda, wakapokewa, mahari ikatajwa na siku ya nikahi ikapangwa iwe baada ya Idi. Mamake alikuwa amekwisha kununua leso za kugawa, na fundi amekwisha kupewa arbuni ya nguo ya bi arusi. Kisha, mwezi mmoja na nusu kabla ya siku yenyewe, kijana alimtumia ujumbe wa simu wa mistari mitatu. Alisema amefikiri sana, ameona hawawezi kuishi pamoja, na anamwomba radhi. Hakuja mwenyewe wala hakutuma mzee. Miezi miwili baadaye msichana akasikia kwa jirani kwamba kijana yule ameoa kwingine.

Tangu hapo, anasema, yeye si yeye. Amekosa mitihani miwili. Chakula hakipiti kooni. Usiku hukaa na simu mkononi hadi saa nane akitazama picha za kijana yule na mkewe, kisha hulia mpaka muadhini anapoadhini alfajiri. Alipokwenda nyumbani likizoni, kila jioni alijikuta akipita mbele ya nyumba ya kina kijana ingawa haikuwa njia yake. Na sasa rafiki yake mmoja amemwambia kuwa kuna mzee fundi wa mambo hayo, ambaye kwa Sh15,000 na kipande cha nguo ya kijana atamrudisha mbio kama mbuzi aliyekatika kamba. Fedha anazo, ni za karo ya muhula huu. Nguo pia anayo, ni kofia aliyoisahau kwao siku ya posa.

Anamalizia kwa maswali mawili. La kwanza: je, kulia kwangu ni dhambi, maana shangazi yangu huniambia kwamba Mwislamu wa kweli hamlilii mwanamume? Na la pili: kabla ya kuikubali posa nilisali istikhara, tena si mara moja. Mbona Mungu alinyamaza?

Mimi si sheikh, wasomaji wangu. Nilisomea uandishi wa habari, sikusomea fikihi. Lakini nililelewa katika nyumba ya Kiislamu, na maswali haya yalinifanya nifungue tena vitabu vya madrasa nilivyovifunga zamani, na kumsumbua ustadhi mmoja kwa simu usiku. Haya ndiyo niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya dadangu huyu, na kwa ajili ya wengine wengi walio katika hali kama yake, wake kwa waume, ambao hawajapata ujasiri wa kushika kalamu.

Machozi ya mitume

Nianze na la machozi. Sura ya 12 katika Kurani ni Surat Yusuf, yenye aya 111. Humo mna habari za Nabii Yakubu aliyepotelewa na mwanawe kipenzi. Mzee yule alihuzunika hata macho yake yakawa meupe. Wanawe wakamlaumu, wakamwambia hataacha kumtaja Yusuf mpaka ajiangamize. Yaani hata nyumbani kwa nabii walikuwapo akina shangazi wa kusema, "Basi, inatosha!" Yakubu akawajibu kwamba majonzi yake anamshitakia Mwenyezi Mungu, hawashitakii wao.

Angalia jambo moja hapo. Katika sura hiyo hiyo, Yakubu huyo huyo ndiye aliyetamka kwamba atashika subira iliyo njema. Alisubiri na akalia. Hakungojea machozi yakauke ndipo aitwe mwenye subira. Sisi tumezoea kudhani kwamba mwenye imani ni yule mwenye macho makavu, na tunamsifu mtu kwa kusema, "Ana moyo, hakutoa hata chozi." Sifa hiyo tumeitunga wenyewe.

Mtume Muhammad (SAW) naye alilia. Mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Maria Mkibti, alifariki akiwa bado mchanga, mwaka wa 10 Hijria. Machozi yakamtoka Mtume mbele ya watu. Sahaba wake Abdurrahman bin Auf alishangaa kumwona hivyo. Mtume akamfahamisha kwamba hayo ni rehema. Jicho kulia na moyo kuhuzunika si makosa, ila ulimi ndio uchungwe usitamke la kumchukiza Mola. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kupiga mayowe ya kumlaumu Mungu.

Kwa hiyo, dadangu, jibu la swali lako la kwanza ni hili: lia. Shangazi yako anakupenda na hapendi kukuona ukidhoofika, lakini katika hili amekosea.

Mughith na Barira

Hata hivyo, kuna kulia na kuna kufuata. Ili tuone tofauti yake, nitawasimulia kisa cha watu wawili walioishi Medina zama za Mtume, kilichosimuliwa na Ibn Abbas na kuhifadhiwa na Imam Bukhari katika mkusanyo wake wa Hadithi.

Barira alikuwa mjakazi. Alikuwa amepatana na mabwana zake ajikomboe kwa malipo ya kidogo kidogo, na Bibi Aisha, mkewe Mtume, akamsaidia kwa kumnunua na kumwacha huru. Mumewe, jina lake Mughith, alikuwa bado mtumwa. Sheria ya Kiislamu ilimpa mwanamke aliyekombolewa namna hiyo hiari ya kubaki na mumewe au kuachana naye. Barira akachagua kuachana naye.

Mughith alimpenda mwanamke huyu kupita kiasi. Ibn Abbas anasimulia kwamba ni kama anamwona bado, Mughith akimfuata Barira nyuma huku analia, machozi yakimtiririka mpaka ndevuni. Alimfuata hivyo katika njia za mji, watu wakitazama. Mtume mwenyewe alilitazama jambo hilo, akamwambia ami yake Abbas jinsi linavyostaajabisha: huyu anavyompenda yule, na yule asivyomtaka huyu.

Mtume akamwonea huruma. Akamwendea Barira, akamwambia lau angemrudia mumewe. Barira akamwuliza kama hiyo ni amri. Angejibiwa kuwa ni amri, angetii, maana ni nani katika Waislamu wa Medina aliyeikaidi amri ya Mtume? Lakini Mtume akamjibu kwamba yeye ni mwombezi tu. Barira akasema kuwa hana haja naye. Hadithi inakoma hapo. Mughith hakurudishiwa mke, na Barira hakukaripiwa.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi juma hili, na kila mara naona mambo mawili. La kwanza, hakuna aliyemcheka Mughith. Mwanamume mzima, mwenye ndevu, analia hadharani kwa ajili ya mke, na habari zake zimepokewa kwa huruma karne baada ya karne. Nyinyi vijana wa kiume mnaoambiwa kwamba mwanamume halii, kilio cha Mughith kimo katika kitabu ambacho masheikh wenu wanakisomesha misikitini.

La pili ni zito zaidi. Machozi yale yote hayakumlazimu Barira kitu. Aliombewa na mbora wa viumbe na bado moyo wake ukabaki kuwa wake. Machozi ya Mughith yalikuwa haki yake Mughith, na moyo wa Barira ulikuwa haki yake Barira. Huzuni yako ni yako, una ruhusa ya kuilia. Lakini huzuni hiyo si deni ambalo mwenzako analazimika kulilipa kwa kukurudia.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri, dadangu. Kila usiku unapofungua simu na kumfuata yule kijana picha kwa picha, wewe ndiwe Mughith katika njia za Medina. Tofauti ni kwamba Mughith alichoka miguu akarudi nyumbani, nawe kila usiku waianza safari upya bila kuinuka kitandani.

Kofia na Sh15,000

Sasa tuje kwa yule mzee fundi. Sisi watu wa pwani mambo haya hatuyasikii redioni, tumekua nayo. Kuna ndele, kuna hirizi ya kushonewa mtoni, kuna maji ya kombe yaliyosomewa yasiyopaswa kusomwa. Wanaoyauza huyafunika kwa visomo ili mnunuzi adhani kuwa ni dini. Katika Hadithi aliyoipokea Ibn Masud, na iliyomo katika mkusanyo wa Abu Daud, Mtume aliutaja uganga wa kumpendekeza mtu kwa mwenzake miongoni mwa mambo ya shirki. Na shirki, hata mtoto wa chuoni anajua, ndiyo dhambi kubwa kuliko zote.

Lakini hata tukiiweka dhambi pembeni kwa dakika moja, tumia akili, dadangu. Ikiwa uombezi wa Mtume haukumlazimisha Barira, hiyo kofia itamlazimisha nani? Na tuseme kijana arudi kweli. Utalala usingizi gani ukijua kwamba aliyelala kando yako amevutwa kama ndoo kisimani, na kamba ikikatika anarudi chini? Tena kijana huyo sasa ana mke. Bi arusi yule hakukukosea neno.

Najua wapo watakaosema dini imeruhusu wake hadi wanne, basi na angojee zamu yake. Ruhusa hiyo ipo, na ina masharti yake ya uadilifu. Lakini haikuwekwa iwe kamba ya kumvutia mtu aliyekwisha kusema hakutaki. Akufukuzaye hakwambii toka, walisema wahenga, na huyu wako amekwambia kwa maandishi.

Hizo Sh15,000 mlipe mhasibu wa chuo Jumatatu asubuhi kabla rafiki yako hajaamka.

Maombi matatu ndani ya dua moja

Swali la pili ndilo lililonifanya nimpigie simu ustadhi. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kama huyu binti huwa anaifahamu maana ya dua anayoisoma, au aliihifadhi kwa Kiarabu tu. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi mfasirie."

Istikhara, kwa msomaji asiyeijua, ni swala ya rakaa mbili zisizo za faradhi, ikifuatwa na dua ya kumwomba Mungu akuchagulie katika jambo linalokutatiza. Jabir bin Abdallah amesimulia kwamba Mtume aliwafundisha masahaba dua hiyo kwa makini kama alivyowafundisha sura ya Kurani. Sehemu yake ya kwanza inaomba kwamba jambo hilo likiwa na heri katika dini na maisha ya mja na mwisho wa mambo yake, basi liwezeshwe, lirahisishwe na litiwe baraka. Sehemu ya pili, ambayo wengi wetu huipitia mbio, inaomba itakuwaje likiwa ni shari.

Na hapo mna maombi matatu. Mja anaomba jambo hilo liondolewe kwake. Anaomba na yeye mwenyewe aondolewe kwa jambo hilo. Kisha anaomba akadiriwe heri popote ilipo na aridhishwe nayo.

Ustadhi aliponieleza hayo niliiweka simu chini nikakaa kimya. Maana kuondokewa na kitu si sawa na wewe kukiondokea. Mtu anaweza kuondokewa na mchumba leo, yeye mwenyewe akabaki pale pale mlangoni miaka kumi.

Mimi sidai kujua siri za Mola wala sitakwambia kwa yakini kwa nini yamekufika hayo. Lakini wewe ndiwe uliyeniuliza mbona Mungu alinyamaza. Hebu tazama tena. Yule kijana ameondolewa kwako, kabla ya nikahi, kabla ya watoto, kabla ya talaka. Huenda ombi lako la kwanza lilijibiwa siku ile ulipopokea mistari mitatu, nawe ukadhani ni kimya. Lililobaki ni kwamba wewe bado hujaondolewa kwake, na bado hujaridhishwa. Hayo mawili endelea kuyaomba kwa lugha yako mwenyewe ukiwa umesujudu.

Wala usingoje mpaka moyo ukubali ndipo uombe. Bibi Umm Salama alifiwa na mumewe Abu Salama mwaka wa 4 Hijria, baada ya jeraha alilolipata katika vita vya Uhud kumfunguka tena. Alikuwa amefunzwa kwamba mwenye kufikwa na msiba arejee kwa Mungu na amwombe badala iliyo bora. Akaiomba dua hiyo, lakini moyoni akajiuliza: ni nani aliye bora kuliko Abu Salama? Ulimi wake ulitangulia na moyo ukabaki nyuma. Baadaye aliposwa na Mtume mwenyewe. Simwelezi kisa hiki dadangu ili angoje bwana mwingine aliye bora mwisho wa mwezi. Badala iliyo bora yaweza kuwa mume, na yaweza kuwa shahada, afya au amani ya moyo tu. Ninachotaka akione ni kwamba ilikubaliwa dua ya mwanamke ambaye alipokuwa akiiomba hakuona itakuwaje.

Hesabu ya nyanya

Nilipokuwa darasa la sita niliishi na nyanya yangu, Majengo, Mombasa. Mwaka huo shangazi yangu alirudi nyumbani na sanduku moja. Alikuwa amepewa talaka moja. Kwa kawaida ya dini mke hukaa eda katika nyumba ya mumewe, nayo Surat Talaq yakataza kumtoa, lakini kwetu wengi hurudi kwao. Talaka moja ni talaka rejea, yaani mume anaweza kumrudia mkewe bila ya nikahi mpya maadamu eda haijakwisha. Shangazi alilijua hilo. Kila jioni baada ya Magharibi alikaa karibu na mlango, na kila viatu vilipolia kichochoroni aliinua shingo.

Nyanya hakumkataza. Alimpikia uji, akamwacha alie, na jirani aliyekuja kupekua habari alimwonyesha njia ya kutokea. Lakini alikuwa akihesabu. Eda ya mwanamke aliyeachwa ni tohara tatu. Ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Ya mwenye mimba ni mpaka ajifungue. Wanavyuoni husema kuna hekima ya kuhakikisha mimba na ya kuwapa mke na mume nafasi ya kusuluhiana. Nyanya aliiona na hekima nyingine. Siku hesabu ilipotimia alimwambia shangazi akaoge, akamfukizia udi, akampa leso mpya na kikapu. "Haya," akamwambia, "nenda Marikiti. Samaki wa leo utamchagua wewe."

Mimi ndiye niliyekibeba kikapu. Shangazi alilia njia nzima. Lakini samaki alimchagua, na alimchagua mzuri, changu wawili wabichi wenye macho maangavu, akapatana bei mpaka mchuuzi akasalimu amri. Siku iliyofuata hakukaa karibu na mlango.

Wewe, dadangu, huna eda, kwa sababu posa ni ahadi tu, si ndoa. Lakini jiwekee hesabu. Dini yetu inaipa huzuni nafasi yake na mipaka yake. Chagua siku, kisha fanya yafuatayo.

Kofia irudishe, na pete kama ipo, kwa mkono wa mzee wa nyumbani kwenu, siyo kwa mkono wako. Kama kuna mahari iliyotangulizwa, irudi, maana nikahi haikufungwa. Kuhusu zawadi, wanavyuoni wana maelezo mbalimbali, hivyo wazee wamwulize kadhi kabla hawajaanza kuvutana.

Picha za yule kijana ziondoe katika simu yako, na njia ya kumtazama uifunge. Hiyo si chuki wala kukata undugu.

Ile saa nane ya usiku usiitupe. Mtume amefundisha kwamba theluthi ya mwisho ya usiku ni wakati ambao Mola huwaitikia wamwombao. Hapa Kenya, ambako jua huchwa na kucha karibu wakati ule ule mwaka mzima, theluthi hiyo huanza karibu na saa nane. Kwa hiyo wewe tayari u macho wakati ambao wacha Mungu wengi hutega saa ili waamke. Weka simu, chukua msala. Mshitakie Yule ambaye Yakubu alimshitakia.

Nenda ofisini chuoni ueleze kwa nini ulikosa mitihani, uulize utaratibu wa kuifanya tena. Na kama majuma yanapita hulali, huli, au unapata mawazo ya kujidhuru, usingojee hesabu yoyote. Mwambie mtu leo hii, uende kwa daktari au kwa mshauri wa wanafunzi. Mtume alifundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila aliuteremshia na dawa yake. Kumwona daktari si upungufu wa imani, kama vile kumwita fundi wa mabomba si kukosa kumtegemea Mungu anayeleta mvua.

Wazazi na vijana

Kabla sijafunga ukurasa, nina neno kwa wazazi. Binti au kijana wenu akivunjikiwa na posa, msimfanyie haraka ya kumtafutia mwingine ili kuziba aibu mbele ya majirani. Jeraha halifunikwi kabla ya kuoshwa. Mpeni uji, mpeni muda, na msimwache peke yake usiku. Gharama za leso na arbuni za fundi zinauma, najua, lakini msimhesabie yeye mezani.

Na wewe kijana unayetaka kuvunja posa: ruhusa unayo. Ni afadhali kuvunja ahadi ya posa kuliko kuvunja nyumba yenye watoto. Lakini uliingia kwa watu kwa mlango, ukiwa na wazee na hodi, basi toka kwa mlango huo huo. Mistari mitatu ya simu haiwatoshi watu waliokukaribisha kwa halua na kahawa. Dini inayosisitiza kutimiza ahadi haikusudii uitupe ahadi hiyo kama ganda la ndizi.

Dadangu, umeniandikia kurasa nne, nami nimekujibu kwa ukurasa mzima wa gazeti. Hukunieleza kama muhula huu utarudi darasani. Nitafurahi sana ukiniandikia tena, hata kama ni mistari mitatu tu, kunijulisha kuwa karo imelipwa na kofia imerudi kwa wenyewe. Kama karatasi itakuwa na maji tena mahali pawili, hainidhuru. Nitajua kwamba umelia, na kwamba umefika Marikiti.